Nani Anaumia Nikijaza Bila Kuona?



Leo naomba nikupeleke mbali kidogo, halafu tutarudi nyumbani. Huko Marekani, katika jimbo la Washington, kuna mlima unaitwa Mount Rainier. Ni volkano yenye urefu wa mita 4,392, yaani unazidiwa kidogo tu na Mlima Meru wetu, ila wenyewe kileleni umejaa barafu mwaka mzima. Chini ya barafu hiyo, pale misitu inapoishia, kuna mbuga za majani ambako theluji hukaa miezi mingi, mara nyingi mpaka Julai. Ikishayeyuka, maua ya porini yana wiki chache tu za kufanya kila kitu: kuchipua, kuchanua, kuzaa na kumwaga mbegu, kabla baridi haijarudi.

Kama umewahi kufika Kitulo, kule Nyanda za Juu Kusini, wakati wa mvua, basi picha unayo tayari. Wenyeji wa Kitulo wanapaita Bustani ya Mungu. Na kule Rainier, sehemu mojawapo inayosifika kwa maua inaitwa Paradise, yaani Paradiso. Inafurahisha, sivyo? Watu wa pande mbili za dunia, wasiojuana, wakisimama mbele ya maua ya mlimani mawazo yao yanakwenda kulekule.

Sasa, mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Washington kilianzisha mpango unaoitwa MeadoWatch. Wanasayansi walitaka kujua maua ya mlima huo yanachanua lini, na joto na theluji vinabadilishaje tarehe hizo. Lakini wanasayansi ni wachache, mlima ni mkubwa, na msimu ni mfupi. Wakafanya nini? Wakawaomba watu wa kawaida wajitolee. Unapewa mafunzo, unapewa fomu, unapanda njia ya mlimani. Njiani kuna vituo vilivyowekewa alama. Ukifika kituoni unatafuta aina za maua zilizoandikwa kwenye fomu, na kwa kila aina unajibu maswali manne: Kuna vitumba, yaani maua ambayo bado hayajafunguka? Kuna maua yaliyofunguka? Kuna matunda? Mbegu zimeanza kumwagika? Ndiyo au hapana. Ukimaliza, unakwenda kituo kinachofuata.

Basi, kazi ndiyo hiyo. Hakuna anayekupigia makofi. Kati ya 2013 na 2019 watu 457, wa kujitolea pamoja na wanasayansi, walifanya kazi hiyo katika vituo 28, wakifuatilia aina 17 za maua, na wakakusanya kumbukumbu zaidi ya 42,000. Karibu asilimia 87 ya kazi ilifanywa na watu wa kujitolea, ambao wangeweza kabisa kubaki nyumbani Jumamosi hiyo na wasiulizwe na mtu.

Niliposoma habari hii nilifurahi kwanza. Halafu nikaona aibu, na sababu ya aibu yenyewe ndiyo iliyonifanya niandike.

Hebu fikiria wewe ndiye umepanda. Umeanza asubuhi jua likiwaka. Kituo cha kwanza, sawa. Cha pili, sawa. Ukifika huko juu ukungu unashuka, mvua ya baridi inaanza, vidole vimekufa ganzi. Kimebaki kituo kimoja, kiko mbele, mwendo wa dakika ishirini za kupanda. Wiki iliyopita ulipita pale, ukakuta vitumba tu. Kituo kilicho chini yake leo kina maua yaliyoanza kufunguka. Kwa hiyo unajua, au karibu unajua, huko juu kuna nini: vitumba ndiyo, maua hapana, matunda hapana, mbegu hapana. Kalamu unayo mkononi. Ukijaza hapo ulipo unashuka mapema, na huenda kila ulichoandika kikawa sahihi.

Swali langu la leo ni hili: ukijaza, umemkosea nani? Na kama ulichoandika kikawa kweli, je, umedanganya?

Sisi vijana tunalo jina la mchezo huo. Tunauita kupika data. Na mimi nimewahi kuwa mpishi.

Nilikuwa chuoni, tukapelekwa fildi katika kijiji kimoja cha milimani. Kazi yetu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na dodoso kuhusu maji: mnachota wapi, nani anachota, safari ngapi kwa siku. Mimi na mwenzangu tulipewa kitongoji kimoja, nyumba 40. Siku ya mwisho, Alhamisi, tulikuwa tumemaliza nyumba 34. Sita zilizobaki zilikuwa ng'ambo ya kijito, kwenye mwinuko. Mvua ikanyesha, tena ile mvua ya kweli kweli. Bodaboda akagoma. Tukajibanza kwenye kibanda cha chai, tukaagiza na maandazi, na mwenzangu akasema, "Sasa hawa wote si wanachota kisima kilekile? Nyumba 34 zote zimesema kisimani, na wanaochota ni akina mama. Hizi sita zitasema nini kipya? Tujaze tu, tuondoke."

Tukajaza. Majina ya wenye nyumba tulikuwa nayo kwenye orodha ya mwenyekiti wa kitongoji. Ilichukua kama robo saa, tena tulikuwa tunacheka.

Jumapili tulisali kigangoni palepale. Baada ya Misa, bibi mmoja akanijia taratibu na fimbo yake. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu. Wewe ndiye yule wa maswali ya maji?" Nikasema ndiye. Akasema, "Mwenyekiti alitutangazia mtapita Alhamisi. Nilikuwekea kiti."

Nilishindwa pa kuangalia. Nikasema, "Bibi, mvua ilitukamata." Akasema, "Eeh, mvua ilinyesha kweli." Hakulaumu. Akaniaga akaondoka. Na mimi nimesimama pale, najua kwamba kwenye begi langu kuna fomu yenye jina lake, inayosema kwamba siku ya Alhamisi alihojiwa na akajibu maswali yote kumi na mawili.

Tumwache bibi kidogo, nitamrudia. Kwanza tuzipime hoja ambazo mimi na mwenzangu tulizitoa pale kibandani, maana ndizo hizohizo anazoweza kuzitoa mtu yeyote kule Mount Rainier mvua inapomnyeshea. Na tuwe wakweli, si hoja za kijinga.

Hoja ya kwanza: "Ni kitu kidogo sana." Kumbukumbu moja kati ya 42,000 ni nini? Fomu sita kati ya 40 zitabadilisha nini? Hapa wengi wetu tunakimbilia kusema kwamba jambo dogo huzaa kubwa, leo kalamu kesho hela ya jumuiya. Inaweza kuwa kweli, na Bwana wetu mwenyewe anafundisha katika Luka 16:10 kwamba uaminifu wa mtu katika dogo ndio unaoonyesha atakavyokuwa katika kubwa. Lakini sitaki tukimbie haraka. Katekisimu, namba 2484, inasema uzito wa uongo hupimwa kwa ukweli unaoharibiwa, mazingira, nia ya msemaji na madhara yanayompata mwingine. Kwa hiyo sitaki kukutisha, eti ukijaza kisanduku kimoja cha ua umekwisha. Hapana. Ninachosema ni kwamba udogo wa jambo unapima uzito wa kosa, haulifuti kosa lenyewe. Na angalia jambo moja: zile kumbukumbu 42,000 zimetoka wapi? Ni kisanduku kimoja, na kingine kimoja, na kingine. Hakuna mtu aliyewahi kujaza kumbukumbu elfu arobaini na mbili kwa mkupuo. Kila aliyepanda alikuwa na chake kimoja mbele yake, na angeweza kusema hiki kimoja si kitu. Wote wangesema hivyo, pasingebaki kitu.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi: "Lakini ni kweli!" Kama huko juu kuna vitumba, na mimi nimeandika vitumba, uongo uko wapi?

Mtakatifu Augustino alilihangaikia swali la namna hii miaka zaidi ya 1,600 iliyopita. Aliandika kitabu kizima juu ya uongo, *De Mendacio*. Anaeleza kwamba mtu anaweza kusema jambo lisilo kweli bila kuwa mwongo, kwa sababu anaamini ndivyo lilivyo, amekosea, hajadanganya. Na kinyume chake, mtu anaweza kusema jambo ambalo ni kweli na bado akawa mwongo, kwa sababu moyoni anashika jambo jingine. Uongo hauko tu kati ya maneno na ulimwengu. Uko kati ya maneno na moyo wa anayesema.

Sasa utaniambia, "Lakini mimi moyoni naamini kabisa kwamba kuna vitumba." Sawa. Ila fomu haikukuuliza unaamini nini. Fomu ya kituo ni ushuhuda. Ukiandika tarehe, kituo na jina lako, halafu ukaweka "ndiyo", hujasema tu "kuna vitumba". Umesema, "Mimi nilikuwa pale siku hiyo, nikaangalia, nikaviona." Hilo ndilo si kweli. Kisanduku kinaweza kuwa sahihi na shahidi akawa wa uongo. Nasi tunajua Amri ya Nane inahusu nini hasa: inahusu ushuhuda. Kule kibandani tuliandika "kisima", na ilikuwa kisima kweli. Lakini juu ya karatasi iliandikwa kwamba bibi amesema. Bibi hakusema neno. Tulimwekea maneno mdomoni akiwa nyumbani kwake anatusubiri.

Tena kuna kitu kingine kuhusu kukisia. Tunakisia kwa kutumia nini? Kwa kutumia jana. Nyumba 34 zilisema hivi, basi na ya 35. Wiki jana kulikuwa hivi, basi na leo. Na mara nyingi inakubali, mpaka siku ile isipokubali, nayo ndiyo siku tuliyoitiwa kazi.

Mwaka 2015 jimbo la Washington lilipata theluji kidogo mno. Mwezi Mei gavana akatangaza hali ya ukame jimbo zima. Kwenye mbuga za Mount Rainier theluji iliondoka wiki nyingi kabla ya kawaida yake, na maua yakachanua mapema. Na hayakusogea yote kwa hatua sawa. Aina nyingine zilisogeza tarehe sana, nyingine kidogo, hata mchanganyiko wa maua yanayochanua pamoja ukabadilika. Kwa nyuki anayetegemea maua hayo, ni kama kufika sokoni siku ambayo wauzaji wamebadilisha ratiba.

Sasa fikiria kama kila mtu mwaka huo angekaa chini ya mti, akajaza fomu kwa kukisia kutokana na miaka iliyopita. Fomu zingekuwa nzuri, safi, zinafanana na za zamani. Na mlima ungekuwa umebadilika bila yeyote kuwa na habari. Anayekisia anaweza kuandika tu ulimwengu ulio kichwani mwake tayari. Kama Mungu ameweka jambo jipya mbele ya macho yako, au kama kuna kiumbe anaumia mbele ya macho yako, kukisia hakutakuonyesha hata siku moja.

Hata watu wema wanaponzwa na hilo. Unamkumbuka Gregor Mendel kwenye somo la baiolojia, yule wa njegere na urithi wa tabia? Alikuwa mtawa, wa shirika la Mtakatifu Augustino huyohuyo, katika monasteri ya Brno. Alipanda njegere zake kwa miaka mingi, akazihesabu moja moja, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1866. Miaka sabini baadaye, mwaka 1936, mtaalamu wa takwimu Ronald Fisher alizipiga hesabu zile upya, akasema zimekaribia mno jibu lililotarajiwa. Akahisi huenda kuna msaidizi aliyejua Mendel anatarajia nini. Wataalamu wamebishana mpaka leo, na wengi hawaoni sababu ya kumhukumu Mendel. Mimi pia simhukumu. Sheria zake zimesimama. Nachukua tu fundisho hili: ukishajua jibu linalotarajiwa, jicho lako lina haraka ya kuliona. Kwa hiyo uaminifu si kutokudanganya kwa makusudi tu. Ni pamoja na kulizuia jicho lisione linachokitaka.

Hoja ya tatu, na hii naisikia sana kwa vijana wa parokia: "Jamani, ni maua tu! Watu hawana ada, hawana dawa, wewe unahangaika na maua?" Naielewa hoja hii, na aliyeitoa mara nyingi ana moyo mzuri. Lakini kwanza, tuwe wakweli: mara ngapi saa niliyookoa kwa kutokuangalia maua nilikwenda nayo kwa mgonjwa? Saa ile tuliyookoa sisi tuliila na maandazi. Pili, anayewaonea maskini huanza palepale, kwa kuamua nani hastahili kuangaliwa vizuri. Jicho ni lilelile. Tabia ile ya "hawa wote si wako vilevile tu" ilitosha kwa ua, na siku ya Alhamisi ikatosha kwa bibi.

Na tatu, Bwana wetu hakuona aibu kuwaambia watu wenye njaa na wasiwasi wayaangalie maua. Fungua Mathayo 6:28. Anazungumza na watu waliokuwa wakihangaikia chakula na nguo, siyo watalii. Na lile neno la Kigiriki lililotumika pale, *katamathete*, lina uzito kuliko kutupia jicho. Lina maana ya kujifunza kwa makini, kuchunguza mpaka ujue. Ndivyo wanavyofanya wale wa kule mlimani, wawe wanasali au hawasali: wanapiga magoti mbele ya ua dogo na kuuliza, "Wewe leo ukoje?" Papa Fransisko, katika *Laudato Si'* ya mwaka 2015, anakumbusha kwamba Mtakatifu Fransisko wa Assisi aliagiza sehemu ya bustani ya watawa iachwe bila kulimwa, ili maua ya porini yaote humo. Yaani mtu maskini kuliko wote, mpenzi wa wakoma, aliona inafaa kuyatengea nafasi maua yasiyoliwa.

Kabla sijamaliza, kuna jambo moja kwenye taarifa ya MeadoWatch lililonifariji sana, na nataka likufariji na wewe. Wataalamu walilinganisha kumbukumbu za watu wa kujitolea na za wanasayansi. Katika kutambua aina za maua walikubaliana sana. Lakini watu wa kujitolea walikuwa na udhaifu wao. Kosa lililojitokeza zaidi lilikuwa kukosa kuona kilichokuwepo, kuliko kuandika kilichokuwa hakipo. Kwa lugha yetu: walipitwa na vitu, ila hawakuvitunga.

Hilo si kosa la mwongo, ni kosa la binadamu. Kitumba kimejificha nyuma ya jani, macho yamechoka, hujakiona, umeandika hapana. Na kosa la namna hiyo linaweza kupimwa na kuzingatiwa, kwa sababu aliyelifanya alikuwa pale kweli. Aliyejaza bila kufika hana hata kosa la kusahihishwa; hakuna kitu nyuma ya wino wake. Kwa hiyo wewe mwenye dhamiri nyepesi, unayeogopa kwamba hukuona vizuri, hukusikiliza vizuri, hukumsaidia vizuri: tulia. Mungu hakukuomba macho ya malaika. Amekuomba ufike, uangalie, na useme ulichokiona. Na kama hukufika, acha pawe wazi, useme "sikufika". Kisanduku kitupu kina aibu yake, lakini ni aibu safi. Yesu anatufundisha katika Mathayo 5:37 kwamba ndiyo yetu na siyo yetu viwe vya kweli. Mimi naongeza kwa unyenyekevu: na "sijui" yetu pia.

Sasa turudi kwa bibi.

Wiki ile nilikwenda kitubioni. Nilitarajia padre aniongelee mambo makubwa ya uongo na kiapo. Akaniuliza swali moja tu: "Umeshakwenda kwake?" Nikasema bado. Akanyamaza kidogo, akaniambia niende.

Nikavuka kijito na fomu tupu. Bibi akaleta kiti kilekile, kigoda cha miguu mitatu, akakipangusa na ukingo wa khanga. Nikauliza swali la kwanza: mnachota wapi? Kisimani. Tulikuwa tumepatia. Swali la pili: nani anachota? Akacheka, akaonyesha magoti yake. "Haya hayashuki tena huko. Anachota mjukuu wangu." Mjukuu ana miaka tisa. Safari mbili, kabla ya kwenda shule. Siku nyingine anachelewa, anachapwa, anarudi analia. Kwenye fomu yetu tulikuwa tumeandika "mama wa nyumba", kwa sababu nyumba 34 zote zilisema hivyo.

Mtoto wa miaka tisa alikuwa amefutwa na robo saa ya kalamu na sahani ya maandazi.

Nilikwenda nyumba zote sita. Fomu za mwanzo nilizichana, nikaandika mpya zenye tarehe ya kweli, nikamweleza msimamizi wetu kilichotokea. Alama zilipungua. Mwenzangu alininunia karibu wiki nzima, baadaye tukaelewana. Sikuambii kwamba kijiji kilipata bomba kwa sababu ya fomu yangu, maana hakikupata. Ninachoweza kukuambia ni kwamba yule mtoto sasa yupo kwenye karatasi kama alivyo kwenye uhai wake. Kama siku moja mtu atasoma na kutaka kusaidia, atamkuta.

Basi nakuachia mambo matatu ya wiki hii. La kwanza: kabla hujasaini mahudhurio ya rafiki yako ambaye hakuja, kabla hujaandika "nimesoma" kitu ambacho hukusoma, jiulize, "Je, nilikuwa pale?" La pili: kama wewe ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo, au wa VIWAWA, au wa TYCS, na kwenye daftari umeandika "mgonjwa ametembelewa", hakikisha kuna mtu kweli alikaa kwenye kiti chake. La tatu: tafuta kiumbe kimoja kidogo karibu na kwenu, ua la ukingoni mwa njia, mti wa kanisani, ukiangalie kila siku kwa siku saba. Andika ulichokiona. Siku usipofika, andika sikufika. Utashangaa ni mambo mangapi ulikuwa unayakisia.

Na tumshukuru Mungu kwamba Yeye hakisii. Hasemi, "Vijana hawa wote si wako vilevile." Anatuangalia mmoja mmoja.

Tusali: Ee Bwana, uliyetuambia tuyaangalie maua ya kondeni, utupe macho ya kuona na midomo isiyoshuhudia tusichokiona. Utusamehe kwa ajili ya wote waliotuwekea kiti tusifike. Utupe miguu ya kurudi kwao. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu akubariki, rafiki. Na kama kuna mtu unajua anakusubiri, mvua ikikatika, nenda.